Kusaka viungo vilivyokufa kwenye tovuti: programu ipi inastahili pesa yako

Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilichunguza kurasa za wavuti zilizokuwapo mwaka 2013 na kukuta asilimia 38 hazipatikani tena. Kwa hiyo tovuti yenye umri wa miaka michache huenda ina viungo vilivyokufa, yaani vinavyoelekea kurasa zisizokuwapo tena, hata kama hakuna aliyeigusa.

Wauzaji hujisifia wingi wa viungo wanavyokagua. Wewe uliza mambo mawili: je, programu inaonyesha kiungo kimekaa ukurasa gani na juu ya maneno gani? Je, inaonyesha namba iliyojibiwa na seva? Bila la kwanza utapoteza siku nzima ukitafuta mahali pa kurekebisha. Bila la pili utafuta viungo vizima.

1. Screaming Frog SEO Spider. Hii ndiyo tunayoiweka juu. Inaendeshwa kwenye kompyuta yako, iwe Windows, macOS au Linux. Ukaguzi ukiisha, chuja majibu ya 4xx (namba za makosa zinazoanza na 4, kama 404 ya ukurasa usiopatikana), chagua anwani, kisha fungua kichupo cha “Inlinks” chini: utaona kila ukurasa wenye kiungo hicho pamoja na maneno yake. Toleo la bure linaishia anwani 500, na hapo picha, faili za CSS (za mwonekano) na za JavaScript (msimbo unaoendeshwa ndani ya ukurasa) nazo zinahesabiwa, hivyo tovuti ya kurasa 80 tu inaweza kumaliza kikomo. Leseni hulipiwa kwa mwaka na ni ya mtumiaji mmoja. Ndiyo inayofungua mipangilio, ratiba, kuhifadhi ukaguzi, na kusoma kurasa zinazojengwa kwa JavaScript.

Kumbuka bando. Programu ya aina hii inapakua kurasa kwa intaneti yako: kurasa 2,000 za kilobaiti 100 kila moja ni kama megabaiti 200, kabla ya picha.

2. Ahrefs Webmaster Tools. Ni ya bure kwa tovuti utakayothibitisha kuwa ni yako, na kila mwezi kuna kikomo cha kurasa. Kazi inafanyika kwenye seva zao, kwa hiyo bando lako linapona. Thamani yake kubwa ni kwamba inaonyesha pia tovuti za wengine zinazoelekeza wasomaji kwenye ukurasa wako uliokwisha kufutwa. Hao ni wageni unaowapoteza mlangoni, na dawa ni kuelekeza anwani ya zamani kwenye mpya kwa 301, namba ya seva inayosema ukurasa umehama kabisa.

3. LinkChecker. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Inawafaa wasioogopa kuandika amri. Kosa la kawaida ni kuiendesha bila *--check-extern*: viungo vya kwenda tovuti nyingine havikaguliwi, ripoti inatoka safi, na mtu anaamini yuko salama. Ongeza *-F csv* upate faili ya kufungua kwenye Excel, na *-t 2* ili kupunguza maombi ya pamoja, kwani kawaida huwa 10 na hosting (huduma ya kuhifadhi tovuti) ya bei nafuu inaweza kulemewa.

4. Xenu’s Link Sleuth. Ni ya Windows, nyepesi na ya bure, lakini toleo lake la mwisho ni la 2010. Inatosha kwa tovuti ya HTML ya kawaida. Viungo vinavyozaliwa na JavaScript haivioni.

5. Broken Link Checker ya WordPress. Tunaiweka mwisho kwa sababu moja: ikikagua kwa njia yake ya ndani, inatumia seva na hifadhidata ileile inayohudumia wasomaji, na tovuti kubwa inaweza kupungua kasi. Baadhi ya kampuni za hosting zimeipiga marufuku. Ukiitumia, chagua ukaguzi wa wingu, unaofanyika kwenye seva za nje, au iwashe, rekebisha, kisha uizime.

Chochote utakachochagua, usifute kiungo kwa kuona rangi nyekundu tu. 404 (haupatikani) na 410 (umeondolewa) ni vifo vya kweli. 403 na 429 mara nyingi ni seva inayokataa roboti, yaani programu za kukagua kama hizi. LinkedIn hujibu 999 kwa sababu hiyohiyo. 503 (seva haipatikani kwa muda) na kuchelewa kujibu vinahitaji ukaguzi wa pili siku nyingine. Kibaya zaidi ni ukurasa unaoandika “haupatikani” huku seva ikijibu 200, namba ya “sawa”, kwani programu nyingi huupitisha kuwa mzima.

Kabla ya kulipa, tengeneza ukurasa wa majaribio wenye viungo vitano: kimoja cha 404, kimoja chenye 301, kimoja cha tovuti inayozuia roboti, kimoja kilichowekwa kwa JavaScript, na kimoja chenye alama ya # inayoelekea sehemu isiyokuwapo. Endesha toleo la majaribio, kisha linganisha ripoti na unachokijua. Ikikosa cha 404 au isipoonyesha ukurasa kilipo, usiinunue. Ikikosa cha JavaScript, inunue tu kama tovuti yako haitegemei JavaScript.