Baridi yabisi: vidonge vya metotreksati au sindano za adalimumabu?

Swali hili haliishi barazani Mji wa Kale, Mombasa: nani kapata dawa hasa, anayemeza au anayejidunga?

Katika baridi yabisi, vipokezi vya kinga ya asili, ambavyo kazi yake ni kunusa vijidudu, huamshwa hata pasipo adui. Seli zenye vipokezi hivyo huzichochea seli T, askari wengine wa kinga, nazo husukuma seli nyingine zimwage TNF, kemikali inayovimbisha viungo. Metotreksati hutuliza kinga kwa upana. Adalimumabu huinasa TNF peke yake.

Kwa bei, vidonge vimeshinda zamani. Ila vinataka subira, wiki 6 hadi 12. Sindano mara nyingi huleta nafuu mapema, na wengi huandikiwa zote mbili pamoja.

Kazi iko kwenye matunzo. Metotreksati humezwa mara 1 kwa wiki. Kuimeza kila siku kunaweza kuua. Huandamana na asidi ya foliki na vipimo vya damu na ini. Mjamzito asiiguse. Adalimumabu hudungwa kila wiki 2, lakini makao yake ni friji, nyuzi 2 hadi 8. Kwa joto letu na stima hii ya kukatika-katika, kuivusha Likoni bila kikasha cha baridi ni kucheza kamari. Tena kifua kikuu hupimwa kwanza, maana TNF ndiyo inayoulinda mwili dhidi yake.

Anayeanza leo na mfuko mwepesi, vidonge vinamfaa. Mwenye bima, ambaye vidonge vimemshinda, aulizie sindano. Anayetaka mtoto amwambie daktari kabla ya kidonge cha kwanza.