Meza ya pool ya nyumbani: nilivyochagua yangu na ninavyoiona sasa

Mwaka huu nimenunua meza ya pool ya kuweka nyumbani. Kabla ya kutoa hela nilizunguka sana hapa Dar: maduka ya vifaa vya michezo Kariakoo, mafundi samani wa Keko, madalali wa mitandaoni, na baa zilizofungwa zinazouza vyombo vyao. Naandika haya kwa sababu karibu kila muuzaji alianza kunionyesha vitu visivyohusika na mchezo: miguu iliyochongwa vichwa vya simba, vanishi inayong'aa, taa za rangi zilizofichwa chini ya kingo. Meza ya pool ni uso wake. Uso ukiwa umenyooka, mengine yote yanatengenezeka. Uso ukipinda, utabadilisha kitambaa na raba za kingo mpaka uchoke na mpira bado utakwenda unakotaka wenyewe.

Meza za nyumbani ziko za aina mbili kubwa. Kuna zenye uso wa MDF na kuna zenye uso wa jiwe. Jiwe lenyewe ni sleti, lile la kijivu kilichokolea linalopasuka tabaka kwa tabaka, na meza za mashindano zimekuwa zikitengenezwa kwa jiwe hilo tangu karne ya 19. Madukani utasikia wanaliita mabo, yaani marumaru. Sina ugomvi na jina, ila omba ulione.

MDF ni nyuzi za mbao zilizosagwa na kushindiliwa kwa gundi. Sehemu kavu inaweza kukaa miaka bila shida. Hapa pwani, masika ikiingia, inanyonya unyevu, inavimba kwenye viungo na kushuka katikati. Kuna nyumba ya jirani nimecheza kwenye meza ya namna hiyo ikiwa bado inaonekana mpya kabisa kwa nje. Ukisukuma mpira taratibu kuelekea shimo la kati, ukikaribia unakata kona kama umeitwa. Wenye nyumba wameshauzoea, kila mmoja anajua apige pembeni kiasi gani, na hapo mchezo umeshakwisha.

Nilikuwa natembea na tochi, mshipi wa kuvulia samaki na sarafu tatu za shilingi 200. Tochi ni ya kuinama chini ya meza: sleti utaiona ukingoni, utaigusa uhisi ubaridi wake, na ukiigonga kwa kifundo cha kidole inatoa mlio mkavu, si ule wa mlango wa kabati. Mshipi unauvuta ukaze kutoka mwisho mmoja wa meza hadi wa pili, ukiwa umekalia sarafu moja kila upande. Sarafu ya tatu unaipitisha chini ya mshipi, katikati. Ikipita kwa kuugusa tu, uso umenyooka. Ikipita na nafasi ikabaki juu yake, uso umebonyea; ikiunyanyua mshipi, uso una kinundu. Kanuni za WPA, chama cha pool cha dunia, haziruhusu tofauti ya zaidi ya nusu milimita hivi kwa urefu wote wa meza, kwa hiyo tofauti unayoweza kuiona kwa macho tayari imepita kiasi.

Halafu ujaribu mpira. Usiupige kwa nguvu, maana mpira wenye kasi unaficha kasoro zote. Usukume kwa mkono, polepole, uishie karibu na upande wa pili, na uangalie zile sentimita za mwisho kabla haujasimama. Rudia kutoka kila kona.

Duka moja, muuzaji aliponiona nimeinama na tochi alisema, "Bosi wangu, hiyo ni mabo tupu, haipindi hata uipande na gari." Chini yake ilikuwa MDF iliyobandikwa karatasi yenye picha ya jiwe. Nikamshukuru, nikaondoka. Mwingine hakutaka kabisa niguse meza, akasema nitachafua kitambaa. Mtu asiyekuruhusu kuviringisha mpira kwenye meza anayokuuzia ameshakujibu.

Jambo la pili, ambalo sikulisikia kwa muuzaji hata mmoja, ni kujua unacheza pool gani. Ile ya Kimarekani, yenye mipira ya namba, ya rangi nzima na ya mistari, hutumia mipira ya milimita 57. Blackball, ile ya Kiingereza ya nyekundu na njano ambayo vijana wengi wa mashindano wanaichezea, hutumia mipira ya inchi 2, yaani milimita 51 hivi. Tofauti inaonekana ndogo lakini inafika mpaka kwenye raba. Ncha ya raba inatakiwa iguse mpira juu kidogo ya kiuno chake, kwenye kimo cha asilimia 63 hivi ya kipenyo. Kwa mpira mkubwa hiyo ni milimita 36 kutoka kwenye uso, kwa mdogo ni 32. Ukicheza mipira midogo kwenye meza ya mikubwa, raba inaukandamiza mpira chini na kuua mwendo wake. Ukifanya kinyume chake, mpira unarukaruka ukigonga ukingo. Mashimo nayo hayafanani: ya Kimarekani yana midomo iliyokatwa kwa pembe, ya Kiingereza ina mviringo. Nimeona meza mpya kabisa inauzwa na seti ya mipira isiyo yake, eti ni ofa.

Mimi na wanangu tunacheza blackball, kwa hiyo nilitafuta meza ya futi 7 ya mtindo wa Kiingereza. Kuhusu ukubwa, piga hesabu ya fimbo kwanza. Fimbo ya kawaida ni sentimita 145 hadi 147, na unahitaji nafasi yake pande zote nne, pamoja na kidogo cha kurudisha mkono. Uso wa kuchezea wa futi 7 ya Kimarekani ni kama sentimita 99 kwa 198, kwa hiyo chumba kiwe mita 4.1 kwa 5.1. Ya futi 8 inataka 4.2 kwa 5.3. Ya futi 9, ambayo ndiyo ya mashindano makubwa ya dunia, inataka 4.4 kwa 5.6. Ya Kiingereza ni ndogo kidogo, kama sentimita 91 kwa 183, na hiyo ndiyo iliyoniokolea nafasi. Sebule zetu nyingi haziwezi hata hiyo bila kutoa makochi, na mama watoto aliniambia wazi kwamba makochi hayatoki. Ikaenda kwenye baraza la nyuma, lililoezekwa na lenye ukuta upande wa upepo.

Baada ya kulinganisha, nilichagua meza iliyotumika. Baa moja ilikuwa inafungwa na wanauza meza yao ya sarafu, sanduku limechakaa, kitambaa kimetoboka, lakini jiwe ni pande moja lisilo na ufa. Hilo la pande moja lina faida nyumbani. Meza kubwa za sleti huwa na vipande vitatu vya unene wa milimita 25 hivi, na fundi lazima avilinganishe na kuziba maungio kwa nta. Meza za baa huwa na pande moja, jembamba kidogo, na halina maungio ya kuachana. Ubaya wake ni uzito. Jiwe la mita 2 kwa 1 lenye milimita 20 linakaribia kilo 110 peke yake. Usikubali libebwe likiwa limelala kama meza ya kulia chakula, maana linaweza kukatika katikati. Libebwe limesimama kwa ubavu, lisafirishwe hivyo hivyo juu ya godoro, na watu wanne wanaosikilizana.

Kwa jiwe hilo nilimtafuta mzee mmoja anayefunga meza kwenye mabaa ya Temeke na Mbagala. Huyu ndiye aliyenifanya nielewe kwamba nusu ya ubora wa meza inaingia siku ya kuifunga. Aliondoa kwanza mtambo wa sarafu, ili mipira itoke bila kuzuiwa. Kwenye meza za baa za mtindo huu mpira mweupe huwa mdogo kuliko mingine ili mashine iutofautishe na kuurudisha kwa mchezaji. Mtambo ukishatoka, unaweza kutumia mweupe wa ukubwa sawa na mingine, na mchezo unabadilika: mweupe unasukuma kwa uzito kamili.

Sanduku lilikuwa la plywood na mchwa walikuwa wameshaonja mguu mmoja. Nikapeleka vipimo Keko, nikatengenezewa fremu na miguu ya mkongo, mbao ngumu, nzito, na mchwa wanaishindwa. Hapo sikubana matumizi, na nisingemshauri mtu abane, kwa sababu fremu ikilegea jiwe linafuata.

Kasheshe ilikuwa baraza. Mabaraza yetu yanajengwa na mteremko ili maji ya mvua yatoke, na macho hayauoni. Mzee aliweka pimamaji sakafuni, akatikisa kichwa, akaniambia, "Mwanangu, hapa meza ikikaa tu hivi hivi, mipira yote italala upande wa mtaro." Alisawazisha fremu kwanza kwa skrubu za miguuni, ndipo jiwe likapanda. Halafu akawa anapima kona kwa kona, na palipokuwa na upungufu mdogo akaingiza vipande vya karata kati ya jiwe na fremu, kipande kimoja, anapima, kingine, anapima tena. Nilimuuliza, "Mzee, karata haitaoza?" Akasema ameitoa karata ya namna hiyo kwenye meza ya zamani ikiwa bado inasomeka. Kazi hiyo peke yake ilichukua sehemu kubwa ya mchana, na hakuruhusu mtu aegemee.

Kitambaa kilinipa usumbufu. Duka liliniambia ni sufu ya kondoo, kikaja kitambaa cha plastiki tupu kinachotoa vifundo ukikisugua kwa ukucha. Nilikirudisha. Kitambaa kizuri kina sufu nyingi na nailoni kidogo. Simonis 860 ya Ubelgiji, kwa mfano, ni asilimia 90 sufu na 10 nailoni, na ni laini bila manyoya, kwa hiyo mpira unakwenda kasi. Kwa blackball wengi wanapenda cha manyoya kama Strachan ya Uingereza. Hicho lazima ukipige brashi kuelekea upande mmoja, kutoka unakoanzia mchezo kwenda upande wa mpira mweusi, la sivyo manyoya yanavuta mpira. Nimeweka cha manyoya na naridhika nacho, ila masika kinakuwa kizito, mpira unakufa mapema. Kulipokauka kikarudi.

Raba nilizijaribu kabla ya kulipia. WPA wanasema mpigo mmoja imara ulionyooka uupeleke mpira urefu wa meza mara 4 hadi 4 na nusu bila kuruka. Kwenye meza kuukuu, upande mmoja ukitoa mlio mfu, usikimbilie kununua raba, kaza boliti za ukingo kwanza. Mzee alizikaza na upande mmoja ukaamka papo hapo. Mwingine ulikuwa umegeuka mgumu kweli kwa joto na umri, ukabadilishwa.

Mipira usiidharau. Ya bei ya chini ni poliesta: inachubuka, inapoteza uzito sawa na inakwaruza kitambaa. Ya resini ya fenoli, kama Aramith zinazotengenezwa Ubelgiji, inagharimu zaidi lakini utaisahau kwa miaka mingi. Fimbo viringisha juu ya meza uone kama inacheza, na uangalie ncha ya ngozi isiwe bapa. Chaki nunua yoyote ya kawaida.

Ninavyoishi nayo: naifunika kila jioni kwa turubai nyepesi, jua la mchana haliifikii, na pimamaji linarudi juu yake kila baada ya mvua kubwa. Mpaka sasa jiwe halijasogea. Kinachonikera bado ni mtambo wa kurudisha mipira, una kelele sana usiku, na nafikiria kuutoa na kuweka mifuko ya neti.

Kuhusu bei, meza mpya ya MDF ya futi 7 niliyoikuta Kariakoo, ile yenye miguu ya simba, ilikaribia jumla yangu yote: meza ya baa, usafiri, mbao za mkongo, fundi, raba, kitambaa na mipira. Meza mpya ya sleti ya vipande vitatu ilikuwa karibu mara mbili ya hapo. Mwenye uwezo na chumba achukue hiyo ya pili. Ambaye hana, atafute jiwe zima kwenye meza iliyochakaa, na hela iliyobaki ampe fundi.