It's Pat (1994): muvi ya zamani niliyoitazama na shangazi

Jamaa wa muvi wa hapa Kisauni, Mombasa, alinitilia kwa flashi, bob 20, akanambia hii hata Wamarekani wenyewe waliikataa. Kweli ilidoda vibaya, tiketi hazikufika hata dola 100,000.

Kwa wasiojua, Pat ni mhusika wa Julia Sweeney, alianza 1990 kwa Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha TV ya Marekani. Nywele za mawimbi, miwani, shati la buluu, sauti kama mtu mwenye mafua. Mzaha ni ule ule mmoja, kila anayekutana naye anahangaika kujua ni mwanamke ama mwanamume, wanamtegea maswali, naye anajibu vizuri tu na jibu halimsaidii mtu. Hata mpenzi wake Chris, kachezwa na Dave Foley, naye hujui.

Mimi ni trans (jinsia yangu si ile niliyoandikiwa nilipozaliwa), kwa hivyo nilikaa nimekunja uso toka mwanzo. Lakini wallahi Pat hana shida yoyote, anakula, anapenda, anakera watu (sana, ni mbinafsi huyu), wanaotoka jasho ni wale wengine. Aliyenitia baridi ni jirani yake Kyle. Anamuibia laptopu asome dayari yake, mwisho anavaa kama yeye. Halafu ile ya kwenye shoo ya muziki, Pat anaanguka nguo zinapasuka, ukumbi wote unaona sisi hatuonyeshwi, na tunatakiwa tucheke. Mtu kuachwa uchi mbele ya umati? Hapo nilizima kidogo nikaenda kunywa maji.

Shangazi nilikuwa namtafsiria. Sasa Kiingereza lazima useme he ama she, sisi "amekuja" yatosha, basi mizaha mingi ikafia mdomoni mwangu, yeye anauliza tu "kwani kinachochekesha ni nini?" Nikacheka kuliko nilivyochekea muvi.

Ila tusijisifu, sisi twakwama kwa kuitana. Juzi hapo Buxton makanga ananiita, "siti moja nyuma brathe... eh, sista... aah wewe, ingia!" Matatu nzima kicheko, na dereva ananichungulia kwa kioo mpaka Bamburi. Kama Kyle tu.

Dakika 77 tu. Nyota 2 kwa 5, moja ni ya Chris. Ukiitaka usiilipie zaidi ya mbao (hiyo bob 20).