Uzoefu wangu na darasa la sanaa la jamii: nyota nne

Sijui kuchora. Mti wangu hufanana na mwavuli uliovunjika, na bado nimeshiriki programu ya sanaa ya jamii mpaka mwisho. Nilijiandikisha wakati usingizi umenipa kisogo na swali la "unajisikiaje?" limeanza kunichosha kuliko tatizo lenyewe.

Sifa kubwa naipeleka kwa mwezeshaji. Hakumdai mtu maelezo ya kilichomleta. Alikuwa na sharti moja tu: usisifie wala usikosoe kazi ya mwenzako, muulize ameifanyaje. Mwanzoni niliona ni mbwembwe. Halafu mama mmoja mtu mzima, asiye na maneno mengi, akanigeukia: "Bluu hiyo umeipataje?" Nikamwonyesha nilivyotia kahawia kidogo ili isiwake sana. Kabla rangi haijakauka alikuwa ameshanieleza kwamba hata yeye usiku halali. Mambo kama hayo hutoka kirahisi macho yakiwa kwenye karatasi.

Ila kilichonifaa zaidi ni ufinyanzi. Udongo hautaki papara: chombo kikiingia tanurini kingali na unyevu, hupasuka. Kwa hiyo unakiacha kwenye rafu, unaenda zako, unarudi siku nyingine. Mimi ambaye akili yangu hukimbilia mabaya ya kesho, nililazimika kushughulika na ukingo wa bakuli uliokuwa mbele yangu. Nikiuminya sana, unapinda.

Wanaokataa kujiunga kwa kisingizio cha kukosa kipaji, wasikie hili. Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kuchora, kufinyanga au kubandika picha. Takriban robo tatu yao walishuka kiwango cha kotisoli, homoni inayohusishwa na msongo, na wazoefu wa sanaa hawakuwazidi wageni. Ni utafiti mdogo, siujengei ghorofa. Lakini Shirika la Afya Duniani nalo, katika ripoti yake ya 2019 iliyogusa tafiti zaidi ya 3,000, lilikubali kwamba sanaa ina nafasi kubwa katika kukinga maradhi na kusaidia matibabu.

Nyota moja nimeikata kwa sababu mbili. Kwanza, maonyesho ya kufunga programu. Waandaaji walitaka kila kazi itundikwe na jina la mwenyewe, wakati baadhi yetu tulichora mambo tusiyotaka ndugu wayaone. Nilikataa, wakaelewa, ila ilitakiwa tuulizwe mapema. Pili, programu iliisha ghafla, na watu waliokuwa wameanza kuzoeana wakatawanyika bila hata kundi la kuendeleza.

Halafu jueni kwamba mwezeshaji wa sanaa si mtaalamu wa tiba kwa sanaa, ambaye husomea kazi hiyo na kumfuatilia mgonjwa. Mwenye sonona kali, au anayewaza kujidhuru, aanze kwa daktari au mshauri nasaha, na asiache dawa kwa kuwa amepata darasa zuri.

Kabla ya kujiandikisha, ulizia kundi lina watu wangapi, mtu akilemewa katikati ya kipindi anapelekwa kwa nani, na kazi zenu mwishoni zinakwenda wapi. Wakibabaika kwenye hilo la pili, tafuta kundi jingine.