Kumvua tautogi wa karibu na pwani: safari ipi ulipie, na vifaa vipi vitangulie

Ingia duka lolote la vifaa vya uvuvi Rhode Island, Connecticut au New Jersey mwezi Oktoba, utaonyeshwa fimbo kwanza, maana ndiyo yenye faida. Wewe iache ukutani kidogo. Kwa tautogi, samaki wa miambani, pesa inatangulia kwenye boti, inafuata kwenye kaa wa chambo, halafu majigi (ndoana zilizomiminiwa risasi) na uzi. Fimbo inakuja baada ya hapo, na rili (gurudumu la kukunjia uzi) ya bei mbaya ikikosekana kabisa hutaona tofauti kwenye ndoo.

Nawaandikia Waswahili wenzangu wanaoishi kaskazini-mashariki mwa Marekani, hasa waliokulia kwenye mshipi wa mkono na sasa wanasikia kila mtu kazini akizungumzia tautogi. New York na Connecticut wanamwita blackfish. Ni jamaa wa karibu wa pono wetu: midomo minene, ngozi yenye ute, meno ya mbele ya kung'olea kome, na kooni ana magego ya kusagia gamba la kaa. Anapatikana kuanzia Nova Scotia hadi South Carolina, ila wengi wako kati ya Cape Cod na mdomo wa Chesapeake. Maji yakishuka hadi nyuzi joto 15, kisha 10 hivi, anakula kwa pupa kwenye miamba ya kina cha mita 3 hadi 12 kabla hajahamia kwenye kina kirefu kwa baridi. Kwa hiyo majira yenyewe ni Oktoba na Novemba, majani yanapopukutika.

Na usingizi wake ni wa pono kweli. Jua likizama anaingia pangoni na hatoki mpaka kuche. Ukiuziwa safari ya usiku ya kumvua tautogi, okoa pesa yako.

Safari, kuanzia ninayoipendelea

Ya kwanza ni boti ya kukodi ya watu sita. Leseni ya nahodha wa boti hizi inayotolewa na Walinzi wa Pwani wa Marekani haimruhusu kuchukua zaidi ya abiria sita wanaolipa. Mara nyingi bei ni kati ya dola 800 na 1,200, kutegemea bandari na urefu wa siku. Mkigawana sita, si balaa. Faida yake iko kwenye nanga. Tautogi hafukuzi chambo. Amekaa kwenye jiwe lake na anataka mezani aletewe. Boti ikilala mita tano pembeni ya jiwe, mnavua mchanga. Boti ndogo inaweza kushikwa na nanga mbili, au na mota ya umeme ya mbele inayoisimamisha mahali kwa setilaiti, na jiwe likikataa mnahamia jingine kwa dakika chache. Kabla hujatuma malipo ya awali, muulize nahodha anaishikaje boti yake juu ya mwamba. Akikujibu kwa hadithi za samaki wakubwa badala ya nanga, tafuta mwingine.

Kuhusu samaki wakubwa, rekodi ya dunia ilivuliwa Ocean City, Maryland, tarehe 2 Januari 2015: ratili 28 na wakia 13, yaani kilo 13 na kidogo. Angalia mwezi. Majitu mengi hupatikana baridi ikishakolea, kwenye mabaki ya meli ya kina kirefu. Safari ya karibu na pwani unailipia wingi wa kuumwa na samaki wa kitoweo, kwa hiyo usiongeze hata dola kwa ahadi ya rekodi.

Ya pili ni boti ya abiria wa kulipa kwa kichwa, zile zinazotoka Galilee kule Point Judith, Captree na Sheepshead Bay kwa upande wa New York, au Belmar, New Jersey. Tarajia dola 80 hadi 130. Fimbo unaweza kukodi, na kaa mara nyingi wamo ndani ya bei, lakini uliza. Kwa mtu ambaye hajawahi, na hana marafiki watano wa kuamka saa kumi alfajiri, hii ndiyo ya kuanzia. Chagua siku ya kazi. Jumamosi ya Novemba watu wanabanana ukingoni, mishipi inasokotana, na baharia anashinda akikata mafundo badala ya kukufundisha. Wengi hugombea nafasi ya nyuma, lakini kwa samaki huyu boti imetia nanga juu ya jiwe moja, na huenda jiwe lenyewe liko chini ya ubavu wa kulia ambao hakuna aliyeutaka. Beba pia bakshishi ya mabaharia, kama asilimia 20 ya nauli. Watakaokutolea minofu ni wao, na kumchuna tautogi ni kazi.

Ya tatu ni kusimama pwani. Miamba ya Beavertail na Fort Wetherill kisiwani Jamestown, Rhode Island, kuta za mawe za Manasquan na Barnegat Light, New Jersey. Ukiondoa kaa na leseni, hulipi kitu. Wiki za kwanza za msimu samaki wako hapo hapo kwenye povu, na utajifunza mengi kuliko kwenye boti kwa sababu hakuna wa kukufungia ndoana. Kufikia mwisho wa Novemba wengi wao wameshashuka. Ukichagua njia hii, ununuzi wa kwanza kabisa ni viatu vyenye njumu za chuma. Mwani wa kijani juu ya jiwe hauna huruma, na maji ya nyuzi 12 yanamaliza nguvu za mikono upesi.

Kayaki naiweka ya mwisho. Wapo wanaoifanya vizuri sana, wakiwa na nguo zisizopenya maji za bei kubwa kuliko kayaki yenyewe. Si mahali pa kuanzia.

Boti yoyote utakayochagua, kata tiketi kwa kuangalia mwezi. Siku za bamvua mkondo unakimbia, na unalazimika kutumia chubwi zito ili ufike chini. Maji mafu yanakupa muda mrefu wa kuvua kwa jigi jepesi. Mzee yeyote wa Pemba angekwambia hivyo bure, na Atlantiki haina tofauti kwenye hili.

Kaa

Hapa usibane senti. Wa kwanza ni kaa wa kijani, aliyeletwa na meli kutoka Ulaya karne ya 19 na hadi leo anahesabiwa mharibifu, kwa hiyo hakuna wa kumlilia. Maduka yote ya chambo wanaye. Kwa nusu siku beba dazeni tatu au nne kwa kila mtu, zaidi kama samaki wadogo ni wengi. Watunze kwenye ndoo yenye gunia bichi, mahali pa baridi. Ukiwazamisha kwenye maji yaliyotuama wanakosa hewa na kufa.

Wa pili ni kaa mdogo wa Asia, aliyeonekana kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1988, wilaya ya Cape May, New Jersey. Sasa kila jiwe unalofunua maji yakipwa lina ukoo wake. Huyu ni wa bure, anatungwa mzima, na mapema katika msimu namwona sawasawa na wa kijani. Kaa wa miguu myeupe kutoka kina kirefu ni ghali. Mwachie mtu anayetafuta jitu moja mwezi Desemba. Nyama ya kombe usinunue kwa safari hii. Inafanya kazi majira ya kuchipua, samaki wakiwa wazito wa kutafuna, lakini msimu huu itakuwa futari ya vijisamaki vya mwambani.

Namna ya kumtunga: ng'oa magando mawili ya kukatia, mkate kaa katikati, pitisha ndoana kwenye tundu ulipong'oa gando hadi ncha itokee. Wadogo usiwakate.

Majigi, au ndoana na chubwi

Jigi ni risasi iliyomiminwa pamoja na ndoana. Kwa tautogi linataka umbo pana linaloketi juu ya jiwe, ndoana ikitazama juu, kaa akionekana kama anajitembelea. Hili ndilo chaguo langu la kwanza kila kina kikiwa chini ya mita 12 na mkondo ukiwa mpole. Unasikia kila kitu: kugonga, kugonga, kisha uzito. Nunua wakia ¾, 1 na 1½, nyingi zaidi ziwe za wakia 1. Rangi ni mjadala wa wauzaji. Tazama ndoana: iwe nene na fupi, kwa sababu nyembamba hunyooshwa. Kila jigi ni dola tatu hadi sita, na miamba itachukua lake, kwa hiyo chini ya kumi usiende. Anayevua kila wiki hatimaye hununua kalibu na kumimina mwenyewe; afanye hivyo nje, mbali na watoto, maana mvuke wa risasi ni sumu.

Ndoana na chubwi vinashika nafasi ya pili, ila mkondo ukikaza au boti ikijaa, vinapanda juu. Ndoana moja ya namba 4/0, Gamakatsu Octopus kwa mfano, inatosha; mbili zilizofungwa mkia kwa mkia zinamshika kaa mkubwa vizuri zaidi lakini zinakwama mara mbili. Chubwi lifunge kwa kipande cha uzi dhaifu kuliko mshipi wako. Likinasa, unapoteza risasi tu na ndoana inarudi. Hapa usijibu samaki anapogonga mara ya kwanza kama unavyofanya kwenye jigi. Subiri avute, ndipo unyanyue.

Uzi, fimbo, rili

Uzi wa kusuka wa ratili 30, PowerPro au Sufix 832, umalizike kwa futi tatu za florokaboni (uzi mgumu usioonekana sana majini) ya ratili 40. Hapo sina la kuongeza, isipokuwa kwamba nailoni tupu inavutika, na ukishamnasa una sekunde moja ya kumwondoa kwenye pango lake. Ikikupita, ameingia, amepanua mapezi, na jigi la dola tano limekuwa mali ya mwamba.

Hiyo sekunde ndiyo kipimo cha fimbo. Dukani mwambie muuzaji ashike ncha, wewe nyanyua. Robo ya mwisho tu ipinde, zilizobaki zisimame. Urefu wa futi 7 unatosha kwenye boti. Pwani ongeza futi moja au mbili ili uzi uepuke kingo za mawe. Juu kwenye orodha yangu naweka Shimano Teramar kwa sababu ya bei na mwili wake. St. Croix Mojo ni tamu zaidi mkononi na ghali zaidi. Ugly Stik haivunjiki hata ukiifungia mlango wa gari, na watu wengi wamepata samaki wengi kwayo, lakini ncha yake laini inakuficha samaki anapoligonga jigi kidogo. Kwa ndoana na chubwi inakubalika.

Rili: Daiwa BG au Penn Battle, ukubwa wa 4000, ile inayokaa chini ya fimbo. Kwa dola 100 na kitu unapata breki inayotosha, na tautogi hakimbii mita mia kama tuna. Vita vyote ni ndani ya mita tano za mwanzo. Ukipenda rili ya kukaa juu ya fimbo, Shimano Tranx 300 inainua samaki kwa nguvu, lakini bei yake ni nauli ya boti ya abiria mara mbili au zaidi. Nadhani umeshajua ningechagua kipi kati ya rili hiyo na nauli.

Kabla ya kumweka kwenye ndoo

Nunua kipimo cha inchi cha kubandika kwenye ndoo, ni dola chache. Massachusetts, Rhode Island, Connecticut na New York zinataka samaki asiwe chini ya inchi 16. New Jersey ni 15. Rhode Island na Massachusetts zinakuruhusu mmoja tu kwa siku anayezidi inchi 21. Tarehe za kufungua na idadi kwa mtu hutofautiana kati ya jimbo na jimbo na hubadilishwa, kwa hiyo angalia tovuti ya jimbo wiki ile ile ya safari. Leseni ya bahari ni ya bei ndogo, New York usajili ni bure, na ukiwa kwenye boti ya kulipia, kwa kawaida leseni ya boti inakufunika. Samaki huyu anaweza kuishi zaidi ya miaka 30 na anakua polepole, hivyo huyo mzee wa kidevu cheupe ukimrudisha hujapata hasara: wa inchi 17 ndiye mtamu. Nyama yake ni nyeupe na imara, haimeguki kwenye mchuzi wa nazi. Vua ngozi kwanza, ni ngumu kama ya kiatu.