TAHADHARI MWANZA: Anayekuuzia "kibali cha kutoa mimba kihalali" kwa simu ni tapeli

Ndugu zangu wa Mwanza mjini, Sengerema, Ukerewe na mialo yote ya huku ziwani, kuna watu wanawawinda dada zetu wenye mimba wasizozitarajia. Wanajiita madaktari, wanauza "huduma halali" kwa simu, wanakula hela, wanatuma vidonge visivyohusika, halafu wanageuka na kukutisha kwamba watakupeleka polisi usipoongeza hela nyingine. Mimi ni wakala wa pesa za simu, kibanda changu kipo upande wa Kirumba, na hela hizi zinapitia dirishani kwangu. Ndiyo maana naandika.

Matangazo yao mmeyaona. Yapo kwenye nguzo za umeme, yapo kwenye kuta za vyoo vya stendi, na sasa yamejaa kwenye makundi ya Facebook ya kuuza na kununua vitu, yamechomekwa katikati ya makochi na friji za mtumba. "Siku zimepitiliza? Usiwaze. Huduma HALALI, haina maumivu, siri asilimia mia, daktari yupo Mwanza." Ukipiga anapokea mwanamke mwenye sauti ya upole, anakuita mpenzi, anakupa pole. Baada ya hapo "daktari" anaendelea na wewe kwa WhatsApp. Picha yake ana koti jeupe na mashine shingoni. Picha kama hiyo anaipata yeyote mwenye bando.

Kinachonasa watu ni hilo neno halali. Zamani walikuwa wanauza dawa kimyakimya na kila mtu anajua ni magendo. Hawa wa sasa wanakwambia Tanzania imeridhia Itifaki ya Maputo, ule mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, kwa hiyo mwanamke anaruhusiwa, kinachotakiwa ni kulipia kibali tu. Wanakutumia fomu yenye nembo ya taifa, imeandikwa "Idhini ya Huduma", ina mhuri wa bluu na sehemu ya kujaza jina, mtaa, namba ya NIDA na jina la mwanaume aliyekupa mimba. Nimeiona kwenye simu ya mteja wangu. Mtu aliyechanganyikiwa ukimwonyesha mhuri anaamini.

Ukweli ni huu. Itifaki ya Maputo tuliiridhia mwaka 2007, hilo hawadanganyi. Lakini sheria inayotumika hapa nchini bado ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kifungu cha 150 kinamhusu anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, kifungo hadi miaka 14. Cha 151 kinamhusu mwanamke mwenyewe, hadi miaka 7. Cha 152 kinamhusu anayetoa dawa au vifaa akijua vitatumika kwa kazi hiyo, hadi miaka 3. Mlango uliopo ni kifungu cha 230, kinachomlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Uamuzi huo unafanywa hospitalini na madaktari waliomwona mgonjwa, wakampima, wakaandika kwenye faili lake. Haununuliwi. Hakuna kadi, hakuna idhini ya WhatsApp, hakuna ofisi ya wizara inayouza kibali cha elfu arobaini na tano.

Niwaeleze ya dada mmoja ili muone mchezo unavyokwenda. Ameniruhusu nisimulie, jina lake na kijiji chake naviacha. Ni binti wa upande wa Sengerema, anaanika dagaa, na akija mjini kupeleka mzigo soko la samaki la Mwaloni hufanyia miamala yake kwangu. Alianza kwa kutuma 45,000 ya kibali. Zikafuata 60,000 za dawa, kisha 20,000 za "kufungua faili". Siku aliyokuja kutuma hiyo ya faili nilimwambia, mdogo wangu, jina linalokuja hapa kwenye simu ni la mwanamke, wewe umesema unamtumia daktari fulani wa kiume. Akanijibu ni mhasibu wao. Ndivyo alivyokuwa ameambiwa ajibu.

Mzigo ukaja kwa basi, bahasha ya kaki iliyobanwa kwa pini. Ndani hamkuwa na paketi wala karatasi ya maelezo. Vilikuwa vidonge vyeupe vimekunjwa kwenye karatasi ya daftari, pamoja na zile kapsuli za rangi mbili ambazo huku kwetu watu wanameza kwa kila kidonda. Baadaye mfamasia aliviangalia akasema ni dawa ya maumivu na antibayotiki. Binti alivimeza vyote kama alivyoelekezwa, akakaa anasubiri. Hakuna kilichotokea. Akampigia daktari wake, akaambiwa mwili wake ni mgumu, inatakiwa sindano ya kumalizia, 80,000.

Wakati anahangaika kuitafuta hiyo 80,000 akaanza kuumwa tumbo upande mmoja. Maumivu yakapanda mpaka begani, akaanguka. Dada yake akatafuta gari, wakavuka daraja la Kigongo–Busisi usiku, wakafika hospitali mjini. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi, kwenye mrija, na mrija umepasuka. Alipasuliwa usiku uleule na akapona. Nataka mtu asome hapa polepole: hakuna aliyemuuliza kibali. Mimba ya mrijani haiwezi kukua ikawa mtoto, na mama asipotibiwa inamuua kwa damu inayovujia tumboni. Kumtibu ni kuokoa maisha yake, na sheria imeruhusu. Yule tapeli hakuwahi kumwambia akapige hata picha ya ultrasound, maana hajui na hataki kujua.

Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2025, gari lile lingesubiri kivuko. Na mwenzetu aliyeko kisiwani, Ukara au Kome, usiku hana daraja wala boti. Hao ndio matapeli wanawapenda zaidi, kwa sababu wako mbali na kipimo.

Akiwa bado wodini amelala na dripu, meseji zikaanza kuingia. "Nina fomu yako na picha yako. Tuma 150,000 leo au naituma kwa baba yako na kituo cha polisi." Dada yake ndiye aliyezisoma. Hapo ndipo mtego ulipo, ndugu zangu. Vile vidonge ni chambo tu. Biashara yao yenyewe ni fomu uliyoijaza kwa mkono wako. Wanajua msichana wa watu atauza hata kitenge cha mama yake ili baba asijue.

Kuna na namna nyingine, hii inawalenga wenye uwezo kidogo, wanafunzi wa vyuo na wake za watu. Wanakwambia watakusafirisha Kigali au Kisumu, kule ni ruhusa, lipa nauli na "kushikilia kitanda". Ni kweli sheria za wenzetu ni tofauti. Kenya, Katiba yao ya 2010, ibara ya 26, inaruhusu pale mtaalamu wa afya anapoona maisha au afya ya mama ipo hatarini, au ni dharura. Rwanda tangu 2018 inaruhusu kwa sababu zilizotajwa, kama kubakwa, kuozwa kwa nguvu, mimba ya ndugu wa damu, umri wa chini ya miaka 18, au hatari kwa afya, na inafanywa na daktari. Lakini kote huko mgonjwa anaonwa kwanza. Hakuna daktari anayekata shauri kwa kuangalia muamala wako. Waliolipia hizo safari niliowasikia hawakuiona hata tiketi ya basi.

Sasa niongee kama wakala, kwa sababu hapa nina la kusema. Tapeli atakuambia usitume kutoka kwenye simu yako, mpe wakala hela taslimu akuwekee moja kwa moja kwenye namba yake. Anasingizia unaokoa makato. Ukifanya hivyo, simu yako haina meseji ya muamala, jina lako halipo popote, na ukipiga huduma kwa wateja kuomba hela irudishwe huna cha kuwaonyesha. Mawakala wenzangu, kuweka moja kwa moja kwenye namba ya mtu ambaye hayupo dirishani mnajua hairuhusiwi. Binti akija na elfu sitini iliyokunjwa ndogo, anaangalia nyuma kila mara, simu ipo sikioni na mtu anamuelekeza, msimkimbizie muamala kwa sababu ya kamisheni. Mwambie asome jina kwa sauti. Mwambie akate simu kwanza. Usimuulize ana nini, si kazi yetu, na usimtangaze kwa wanaosubiri foleni.

Hospitali za serikali hazipokei malipo kwenye namba ya mtu. Unapewa kontrol namba na unapata risiti. Huduma za mama mjamzito kwa sera ya nchi ni bila malipo kwenye vituo vya umma. Najua kwenye uhalisia unaweza kuambiwa ununue hiki au kile, basi dai risiti, na kama huna kabisa ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyohiyo. Anayejiita daktari, jina lake linatafutwa kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Famasi halali ina cheti chake ukutani. Dawa inayokuja kwa basi kwenye karatasi ya daftari haina mwenyewe wa kumuuliza.

Na hili la hospitali nalisema kwa herufi zote: ukiwa unatoka damu, mimba imeharibika yenyewe au umemeza kitu, NENDA. Kutibiwa mimba iliyoharibika si kosa, na huduma hiyo ipo Bugando, ipo Sekou Toure, na hospitali za wilaya wanaifanya. Usisubiri kama pedi kubwa mbili zinalowa ndani ya saa moja na saa inayofuata ni hivyohivyo, kama una homa na baridi, kama uchafu unaotoka unanuka, kama tumbo linauma upande mmoja, au unaona kizunguzungu na kuzimia. Mwambie mhudumu ulichomeza, na kama kimebaki beba. Anahitaji kujua ili akutibu, na siri ya mgonjwa ni wajibu wake.

Aliyebakwa asipoteze muda na watu wa mtandaoni. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kidonge cha kuzuia mimba kinafanya kazi vizuri kadri unavyowahi. Kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto, au mtu mzima anayemsemea mtoto, anapiga 116 bure. Na mwanafunzi aliyepata mimba, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu kurudi shule baada ya kujifungua. Nasema hili kwa sababu wengi wanaokimbilia matapeli wanaamini bado masomo yameisha.

Kama umeshalipa, usitume hata mia nyingine. Ukimlipa anayekutisha anajua una hela na una hofu, kesho anarudi. Usifute meseji, piga picha skrini, hifadhi namba, majina yaliyotokea kwenye miamala, na bahasha yenyewe kama ipo. Pigia mtandao wako mara moja, ingawa mara nyingi hela inakuwa imeshatolewa. Namba ya tapeli ipeleke 15040, ni bure. Kama ulijaza NIDA kwenye fomu yake, bonyeza *106# uone kama kuna laini umesajiliwa usiyoijua, kisha nenda ukaifute, usije ukaitwa siku moja kuhusu utapeli unaofanyika kwa jina lako.

Kuhusu tishio lake la polisi, sitawadanganya kwamba sheria haimgusi mwanamke. Vifungu nimevitaja hapo juu. Lakini huyo anayetisha ndiye aliyeuza dawa, na kutapeli na kutisha watu kwa simu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Anaogopa kituo cha polisi kuliko wewe. Kabla hujaandika maelezo yoyote, ongea na msaidizi wa kisheria. Wapo kwenye wilaya zetu na huduma yao ni bure, afisa maendeleo ya jamii wa kata atakuelekeza walipo. Binti yule hakutuma ile 150,000. Dada yake alizima simu ya mgonjwa, akabeba picha za meseji, wakaenda kwa msaidizi wa kisheria aliporuhusiwa kutoka hospitali. Meseji kwa baba haikufika mpaka leo.

Namba zao siziweki hapa kwa sababu wanazibadilisha kila mara, na mtu asije akaona namba yake haimo kwenye orodha akadhani wake ni daktari wa kweli. Mwenye maswali ya upande wa miamala aniulize kwenye inbox, sitamuuliza anauliza kwa ajili ya nani.