HP EliteBook 840 G3 ya mtumba: dawa ilikuwa diski, si RAM

Laptop hii naitumia dukani: hesabu za Excel, risiti, na kurasa kibao za intaneti. Niliinunua used Kariakoo ikiwa na prosesa ya Core i5-6300U, RAM ya GB 8 na diski ngumu ya GB 500. Ni toleo la 2016, lakini bodi ya nje ni imara, na kibodi yake inazishinda mpya nyingi za bei ya chini.

Shida ilikuwa uzito. Ukiiwasha, nenda kanywe chai kwanza. Fundi akanishauri niongeze RAM. Nikafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha nini kinaielemea mashine: RAM imetumika nusu tu, prosesa imetulia, diski imeganda kwenye asilimia 100. Mchawi kajulikana! RAM inashika kazi ulizozifungua kwa wakati huo. Ikijaa ndipo mizigo inahamishiwa kwenye diski. Yangu haikuwa imejaa. Diski ngumu ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachohangaika huku na kule kutafuta faili, na Windows ina vifaili vingi mno. SSD, yaani diski ya chipu, haina kinachozunguka.

Mfuniko wa chini ni kipande kimoja. Ukishautoa, unaona betri, feni, nafasi mbili za RAM, sehemu ya diski ya inchi 2.5 na nafasi ya M.2, tundu la kuchomekea SSD nyembamba. Chomoa waya wa betri kabla ya kugusa chochote. Nikachomeka SSD ya NVMe (aina yenye kasi zaidi) kwenye M.2, nikaweka Windows humo, diski ya zamani ikabaki ya picha na mafaili ya duka. Feni nayo nilikuta vumbi limeganda kama blanketi. Nikaisafisha palepale, maana prosesa ikichemka hujipunguza kasi yenyewe.

Sasa inawaka kabla sijavuta kiti, na Excel haigandi tena. RAM sijaigusa.

Kwa kuhariri video nzito usiinunue, haina kadi ya picha ya kujitegemea. Tena Windows 11 rasmi haizitambui prosesa za kizazi cha 6, na Windows 10 ilifika mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo kabla ya kulipa, soma jina la prosesa: kwenye i5-6300U, ile 6 ndiyo kizazi. Muuzaji akikutajia bei ya kizazi cha 8, mwonyeshe hiyo namba, kisha mwanze upya kupatana.